Nauli ya Angani

Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, kitu saa nne kasoro asubuhi, nilikuwa nimekaa sakafuni kwangu Umoja, simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani chai, nikingoja roketi iwashe moto huko Vandenberg, California. Ndani yake kulikuwa na setilaiti yetu, Taifa-1. Safari ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, na bando langu lilikuwa linaelekea kuisha. Ilipopaa nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mjomba wangu alikuwa amelala kwangu siku hiyo. Anaishi Makueni, na alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake. Alitazama kimya hadi kipande cha chini cha roketi kiliporudi kutoka juu na kutua wima pale pale kilipotoka. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo roketi ni yetu?"

"Hapana, Mjomba. Ni ya kampuni ya SpaceX, ya Marekani. Yetu ni setilaiti tu."

"Kwa hivyo tumelipa nauli."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilikuwa na ombi nililotaka kumletea siku hiyo hiyo: anisaidie kuitisha mchango wa familia, nikasomee uhandisi wa vyombo vya angani. Ombi lilinikwama kooni. Utawaambiaje watu wa nyumbani wauze mbuzi ili ukasomee kupanda gari la wenyewe?

Na Mjomba alikuwa na haki. Safari ile iliitwa Transporter-7, na kusema kweli ilikuwa matatu. Gari ni la mwenyewe, na njia ni yake. Wewe unalipa kiti. Taifa-1 ilikaa bega kwa bega na setilaiti za watu wengine, ikiwemo moja ya Uturuki.

Siku zile jibu langu lilikuwa moja: si aibu kulipa nauli. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018 kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. Ilikuwa nafasi nzuri, na tulishukuru. Lakini msaada una masharti yake: unaomba, unachaguliwa, unashukuru. Mwenye nauli haombi. Konda hamuulizi babake ni nani. Raia wa kwanza wa nchi huru ya Afrika kufika angani, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alikwenda mwaka 2002 kwa roketi ya Urusi, tena kwa pesa zake mwenyewe. Hakungoja serikali yoyote imchague.

Na nauli imeshuka kwa sababu kuna watu walikubali kuchekwa. SpaceX ilianzishwa mwaka 2002. Roketi yake ya kwanza ilianguka mara tatu, 2006, 2007 na 2008, kabla ya kufika kwenye mzunguko jaribio la nne, Septemba 2008. Desemba 2015 ndipo wakafanikiwa kurudisha kipande cha chini cha Falcon 9 na kukitua salama. Fikiria basi linalotoka Nairobi kwenda Mombasa, na likifika linachomwa moto, kesho linanunuliwa lingine. Roketi ziliendeshwa hivyo kwa miaka mingi. Mtu akisema basi lirudi, huyo nampenda, hata kama ni tajiri ambaye tabia zake zingine sizipendi.

Ila Mjomba alinitumia swali lingine wiki iliyofuata, kwa ujumbe wa sauti: "Na ile ya Malindi ilikuwa ya nani?"

Nikajua anaongea kuhusu nini. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Ilipewa jina Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Kazi yake ilisaidia wanasayansi kushuku kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Setilaiti ilikuwa ya NASA na roketi ilikuwa ya Marekani. Sisi tulitoa pwani, jina, na ukaribu wetu na ikweta, mahali ambapo dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na kuisukuma roketi bure. Roketi ya mwisho kurushwa pale iliondoka mwaka 1988.

Kwa hivyo zamani stendi ilikuwa kwetu na mzigo haukuwa wetu. Sasa mzigo ni wetu, stendi iko California. Bado sikuona ubaya. Nilijiambia gari ni huduma, mradi ufike.

Kisha, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mjomba alinipigia simu usiku.

"Kijana wangu, hawa wa Mukuku walikuwa wamelipa nauli?"

Nilikosa la kusema. Miaka yote nilikuwa nafikiria watu wawili tu, mwenye gari na abiria. Nilimsahau yule anayetembea kando ya barabara. Hakupanda gari, pengine hata hajui linaenda wapi, na ndiye anayerushiwa matope.

Watetezi wa safari za kibinafsi, na mimi nikiwa mmoja wao, tunapenda kusema: pesa zao, hatari yao. Si kweli kabisa. Desemba 2008 NASA iliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 1.6 za kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga, pesa za walipa kodi. Na hatari haijawahi kuwa ya mwenye roketi peke yake. Ndiyo maana mkataba wa 1967 unazitaka nchi ziwajibike kwa shughuli za anga za raia na kampuni zao, na ule wa 1972 unasema kitu kikianguka na kudhuru watu duniani, nchi iliyokirusha inalipa, hata kama hakuna uzembe. Waliouandika walimkumbuka mtu wa kando ya barabara. Lakini haki kwenye karatasi haimfikii mtu mpaka apatikane wa kuthibitisha chuma ni cha nani, kilirushwa lini, kilipita wapi. Hiyo ni hesabu, na inahitaji watu wetu wanaoijua.

Hapo ndipo nikapata ujasiri wa kuleta ombi langu. Sikumwambia Mjomba nataka kuunda roketi. Nilimwambia nataka kujifunza kufuatilia vitu vinavyozunguka huko juu, ili siku kingine kikianguka, tuwe na mtu wa kwetu wa kusema hiki ni cha fulani.

Alinyamaza kidogo. "Na ukishasoma, utaacha kupigia hizo roketi kelele?"

"Hapana, Mjomba."

"Sawa. Mchango tutaitisha. Lakini Mukuku utakwenda kwanza, ukae na wale watu, uwasikize."

Bado natazama kila roketi ninayoweza, bando likiruhusu. Kipande cha chini kikitua, bado napiga kelele. Ila siku hizi simu siizimi hapo. Nabaki nikiangalia kile kipande cha juu, ambacho kamera zikikiacha watu wengi hukisahau, na najiuliza kitashukia wapi.