Gari Lililofungiwa Bandani

Je, msomaji, mtu akiwa na kitu kizuri, kisha akakifungia mahali pakavu asikitumie, amekitunza au amekinyima kazi yake? Swali hili huonekana jepesi linapohusu kofia ya sikukuu au sahani za wageni. Huwa zito kitu chenyewe kinapokuwa gari, na gari lenyewe likawa la mbio, tena mahali ambapo wengi huenda kwa miguu.

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya jambo hili lina majira yake. Theluji ikianguka, chumvi hunyunyizwa barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma kama mchwa alavyo nguzo. Kwa hiyo wenye magari ya thamani huyaweka bandani tangu Novemba hivi mpaka Machi, na hapana jirani awaulizaye kwa nini. Kwetu theluji haipo ila juu ya vilele vya Mlima Kenya, lakini sababu za kufungia gari hazikosekani. Kedowa, iliyo kando ya barabara itokayo Mau Summit kwenda Kericho, imeinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha huku karibu kila mwezi, aghalabu baada ya adhuhuri, na masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia za udongo mwekundu kuwa utelezi mtupu. Tena nchi hii ya Kericho na Nandi inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, ambayo kwa robo saa huchana majani ya chai na kubonyeza bati la gari. Asemaye kwamba banda la gari huku ni anasa hajapata kusimama nje mawe yakianguka.

Yuko mzee mmoja, mstaafu, ambaye jina lake halina haja hapa. Ana gari jekundu la milango miwili na viti viwili, fupi kwa kimo, lililoundwa kwa ajili ya mwendo. Masika yakikaribia hulitayarisha kwa usingizi, nami sijachoka kumtazama. Kwanza huliosha na kulikausha, maana tope lililoachwa chini ya mabawa hushika maji na kualika kutu. Humwaga oili kuukuu, kwa kuwa ina uchafu na asidi itokanayo na moto wa injini, akatia mpya. Hujaza petroli hadi juu, kwani tangi lenye nafasi tupu huingiwa na hewa, na hewa ikipoa huacha umande. Huitoa betri na kuitia umeme mara kwa mara, maana betri iliyosahauliwa hufa yenyewe. Hulipandisha gari kwa jeki akalikalisha juu ya magogo, ili matairi yasifanye ubapa upande mmoja. Breki ya mkono haivuti, isije ikagandamana. Huziba bomba la moshi kwa kitambaa, kwa sababu panya wa mashamba ya mahindi hupenda sana nyumba ya chuma, na nyaya za umeme kwao ni chakula. Mwisho hulifunika kwa shuka la pamba, si kwa nailoni, kwa kuwa nailoni huzuia unyevu usitoke.

Utaona, basi, kwamba kupumzisha mashine ni kazi. Petroli iliyolala huchacha, mpira hukauka ukapasuka, na mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Mtu aliyeacha gari chini ya mti akalisahau, na mtu aliyelifungia kwa utaratibu huu, wote wawili hawaendeshi, lakini hawafanyi tendo moja.

Usiku mmoja wa Aprili jirani alibisha hodi kwa mzee. Mkewe alikuwa katika uchungu wa uzazi, mvua inanyesha, na waendesha pikipiki za abiria walikataa kuteremka njia ile. Mzee alifungua dirisha akasema, "Pole, mwanangu. Gari liko juu ya magogo, na betri nimetoa." Kisha akafunga dirisha. Wanaume wanne walimbeba mama yule ndani ya blanketi mpaka kwenye lami, na lori la mboga likamchukua hadi Kericho. Alijifungua salama. Lakini kabla ya alfajiri kijiji kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu: mzee anapenda chuma kuliko watu.

Hebu tuipime hukumu hiyo, kwa maana hukumu ya wengi nayo yaweza kukosea. Gari lile lina tumbo la kugusa ardhi. Lisingepita hatua mia moja katika tope bila kunasa. Viti vyake ni viwili, na mgonjwa asingeweza kulala. Kama mzee angalikuwa hana gari kabisa, hapana ambaye angalimlaumu. Je, kuwa na kitu humwekea mtu deni ambalo asiye nacho hana? Mimi nasema humwekea. Mwenye ngazi huombwa ngazi nyumba ya jirani inapowaka, na akikataa hawezi kujitetea kwamba mwingine hana ngazi. Lakini deni hilo haliwezi kupita uwezo wa kitu chenyewe. Hapana haki ya kumdai mtu kwa gari lisiloweza kufika. Nami nilisikiliza sana maneno ya siku zile. Rangi nyekundu ilitajwa mara nyingi kuliko yule mama. Hasira itakayo mgonjwa afike hospitali na hasira itakayo tajiri aaibike hutumia maneno yale yale, na ni vigumu kuzitenga, hata ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Hata hivyo simwachilii mzee. Kosa lake silioni bandani, nalionea dirishani. Alikuwa na tochi, viatu vya mpira, na simu yenye namba za watu wakaao kando ya lami. Jirani alitaja gari kwa sababu gari ndilo alilolijua. Aliyokuwa akiomba ni msaada. Mzee alijibu habari za gari tu, kana kwamba nyumba ile haikuwa na kitu kingine, wala mtu.

Wazee wa Kipsigis walikuwa na desturi ambayo ingefaa kufikiriwa hapa. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma lake. Alimpa rafiki wa mbali baadhi yao awachunge. Maziwa yakawa ya mchungaji, na ng'ombe na ndama wakabaki mali ya mwenyewe. Wakati huo huo ugonjwa ukiingia katika boma moja, mali yote haikuangamia. Huko kulikuwa kuweka akiba, na mtoto wa mtu mwingine alishiba kwa akiba hiyo. Gari, bila shaka, halitoi maziwa, wala silinganishi zaidi ya hapo.

Mche wa chai, nao, usipochumwa huwa mti mrefu usiofikiwa na mkono. Lakini mche huo huo hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, ukaachwa kwa muda bila kuchumwa mpaka uchipue. Mpumziko wake umo ndani ya kazi yake. Basi kama wataka kujua kama kitu kimetunzwa au kimefichwa, angalia kama hurudi nje. Gari la mzee hutoka Januari, siku mbili tatu za jua, likaenda Kericho na kurudi, na watoto wa shule husimama ukingoni kulipungia mikono. Ni kidogo, lakini si bure.

Mji huo wa Kericho ndiko alikozaliwa Joginder Singh, mwaka 1932. Mwaka 1965 alishinda mashindano ya Safari kwa Volvo ambayo si mpya, iliyokwisha kutumiwa katika mashindano ya nyuma. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Kwa miaka mingi mashindano hayo yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, wakati ule ule mzee wetu afungapo mlango. Mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho, na 1968 yakawa saba tena. Joginder alikuwamo mara zote mbili. Tangu 2003 yako hata mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambamo vyuma vilivyotunzwa bandani hutolewa vikaingie vumbini.

Lakini usiseme upesi kwamba kila gari la mbio lastahili kukimbizwa. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, si mbali na Kedowa, lori lilipoteza mwelekeo likaua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi na abiria. Aijuaye barabara hiyo hawezi kumtamania mwenye gari la kasi alijaribu nguvu zake pale. Kufunga mlango wa banda ni jambo jema pia kwa watembea kwa miguu.

Wako vijana waniambiao kwamba mzee angeuza gari lile, mambo yakaisha. Sioni yatakavyoisha. Mnunuzi wa Nairobi atalifungia vilevile, nyuma ya ukuta ambao hapana jirani awezaye kubisha usiku, na fedha zake hazitatosha kumwaga kokoto katika njia yote ile ya matope. Njia hiyo, tangu 2013, imo mikononi mwa serikali ya kaunti, na juu ya hilo sijasikia kijiji kikitoa hukumu.