Hili Si Letu Kuamua

Mwanajeshi hufunzwa kutii, jaji huajiriwa kuamua. Sasa mtu mmoja akiwa vyote viwili, siku anayosema "hili si letu kuamua" ni nani anayezungumza?

Namfikiria Augustino Ramadhani. Mzaliwa wa Zanzibar, alisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mwanajeshi hadi cheo cha brigedia, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Tanzania, 2007 hadi 2010. Tena kasisi wa Kianglikana. (Mimi niliyeacha chuo kabla ya shahada ya kwanza namtazama kwa wivu kidogo.)

Kilichonishika ni kesi moja. Mchungaji Christopher Mtikila alidai Mtanzania aruhusiwe kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilimkubalia 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuziba njia. Akarudi kortini, akashinda tena 2006. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba, Ramadhani akiwaongoza, wakasema hilo ni suala la kisiasa, la kumalizwa na Bunge.

Bunge! Wale wale walioingia kwa tiketi za vyama.

Ukiwa hapa Malindi inashangaza. Miezi miwili baadaye Kenya ilizindua Katiba ambayo kifungu cha 85 kinamruhusu asiye na chama kugombea. Msimu wa uchaguzi, kuanzia Mtwapa hadi Marafa, mabango ya wagombea huru yanabandikwa kama ya wengine. Wengi wao wameangushwa kwenye mchujo wa chama, sawa, lakini wana pa kupitia.

Ni rahisi kusema mwanajeshi ametii, basi. Naona tutamwonea. Ukanda huu tunawajua wanajeshi wasiotaka mipaka: Idi Amin alitwaa Uganda 1971, na hapa kwetu wale wa jeshi la anga walijaribu Agosti 1982. Mwenye magwanda anayesema mamlaka yake yanaishia hapa, mimi namshukuru. Na jaji anayejitungia Katiba pia anatisha.

Tena tazama alichofanya baadaye. Alikuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Jaji Warioba, na rasimu yao ikapendekeza mgombea huru. Kwa hivyo shida yake haikuwa jambo lenyewe, ilikuwa nani alipitishe. Kura ya maoni juu ya Katiba mpya ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo haijapigwa.

Mtikila alikuwa ameshafika Mahakama ya Afrika, Arusha, ambayo Juni 2013 ilisema Tanzania imevunja haki yake. Ramadhani alikuwa jaji pale; kwa kuwa ni Mtanzania, kesi hiyo hakuisikiliza.

Ndipo ninapotofautiana naye. Kuheshimu mipaka ya cheo chako ni uadilifu ikiwa aliye ng'ambo ya mpaka atatimiza yake. Lakini huyo ndiye aliyeziba njia, na wewe unajua. Kumrudisha mlalamishi kwake ni kumhukumu huku ukisema hujahukumu. Kambini unaweza kusema amri imetoka juu. Katika mahakama ya mwisho ya nchi, huko juu ni wewe.

Mtikila alifariki Oktoba 2015. Mwaka huo huo Ramadhani naye alitaka urais, akachukua fomu ya CCM. Chama hakikumteua, na Katiba haikumwachia njia ya kugombea bila chama.