Tengu na Suala la Lawama: Maadili ya Kimya katika Ngano za Milima ya Japani

Katika ngano za Kijapani, mlima si mandhari ya kupambia hadithi tu. Ni mahali ambapo mamlaka ya kijiji hukoma. Huko ndiko aliko tengu. Katika masimulizi ya kale, kama yale ya Konjaku Monogatarishū ya karne ya 12, kiumbe huyu ni adui wa watawa wa Kibudha na mara nyingine huonekana kwa umbo la mwewe. Baadaye alipewa uso mwekundu, pua ndefu na mavazi ya yamabushi, yaani wale wanaojinyima na kufanya ibada milimani. Hadi leo Mjapani anayejivuna husemwa kuwa amegeuka tengu. Kiburi hicho kimejadiliwa sana. Lililo zito zaidi kimaadili ni tuhuma nyingine aliyotwikwa: wizi wa watoto.

Mtoto alipotoweka wakati wa machweo, ilisemwa kwamba amepatwa na kamikakushi, yaani amefichwa na miungu, na mara nyingi tengu ndiye aliyetajwa. Je, ni haki kumbebesha kiumbe asiyeweza kujitetea lawama ambayo huenda ni ya binadamu? Mtaalamu wa ngano Komatsu Kazuhiko ameiona imani hii kuwa ni pazia lililofunika mambo ambayo jamii haikutaka kuyatazama: utoro, utekaji, ajali, hata mauaji. Hoja hiyo ina nguvu, lakini pazia halina upande. Humsitiri binti aliyekimbia ndoa asiyoitaka, ili siku akirudi asihojiwe; vilevile humsitiri aliyemuua. Kuusifu upole wa imani hii bila kuuliza ulimnufaisha nani ni kuisoma nusu yake tu.

Kisa kimojawapo katika Tōno Monogatari, kitabu alichokichapisha Yanagita Kunio mwaka 1910 kutokana na masimulizi ya Sasaki Kizen, chafaa kuangaliwa kwa makini. Binti wa Samuto aliacha ndara zake chini ya mpeasi akatoweka. Miaka thelathini baadaye, jamaa walipokuwa wamekusanyika nyumbani, alirejea akiwa kikongwe aliyechakaa. Alipoulizwa sababu ya kuja, alijibu kwamba alitaka kuwaona watu wake, kisha akaaga na kwenda zake. Msimulizi anaeleza kwamba siku hiyo upepo ulivuma kwa nguvu. Hasemi kama kuna aliyemuuliza alikuwa wapi, wala aliishi na nani, wala kama kuna aliyemsihi abaki. Wahakiki huelekea kukiita kimya hiki mbinu ya usimulizi. Kwa hakika ni zaidi ya hapo: ni mwafaka. Jamaa wanaepushwa na jibu ambalo lingewalazimu kutenda, na mwanamke anabaki na siri yake. Tengu hatajwi popote katika kisa hiki, wala hahitajiki. Kazi yake inafanywa na kimya chenyewe.

Hata hivyo, si kweli kwamba wanakijiji waliridhika upesi. Desturi iliwataka watoke na ngoma na kengele, wakizunguka na kumwita aliyepotea arudishwe. Kwa maana hiyo, kumtaja tengu hakukuwaondolea watu wajibu wa kutafuta.

Yanagita mwenyewe aliitatiza lawama hii pasipo kukusudia. Alidhani kwamba nyuma ya visa hivyo walikuwapo watu halisi wa milimani, wazawa wa wenyeji wa kale waliosukumwa huko na waliokuja baadaye. Minakata Kumagusu aliipinga dhana hiyo katika barua walizoandikiana, na ushahidi wake ulikuwa haba kweli. Lakini tuijalie kwa muda: mwizi wa watoto anageuka kuwa aliyeporwa ardhi, na kijiji kinacholalamika ndicho mrithi wa uporaji.

Mfano wa Torakichi una sura nyingine. Kijana huyu wa Edo alidai kwamba alichukuliwa angali mtoto na kufunzwa na tengu milimani. Mwaka 1820 mwanazuoni Hirata Atsutane alianza kumhoji, na mwaka 1822 akakamilisha kitabu, Senkyō Ibun. Huyu alirudi, alikuwa tayari kusema, na alipata msikilizaji mwenye subira. Maswali mengi yalihusu miungu, vyakula vya huko, silaha na ngoma zao. Alihojiwa kama msafiri aliyetoka nchi ya mbali.