Gharama ya Wepesi

Tuseme, msomaji mpenzi, kwamba tumejaaliwa safari moja ya kurejea nyuma katika zama. Mimi ningeomba nishushwe Paris, mtaa wa Le Peletier, mlangoni mwa jumba la Opera, jioni ya tarehe 12 Machi 1832. Usiku huo ndipo ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza La Sylphide, baleti aliyoitunga Filippo Taglioni kwa ajili ya binti yake Marie, na aghalabu huhesabiwa kuwa ndio usiku uliofungua zama za ulimbwende katika sanaa hiyo ya kucheza. Neno hili “ulimbwende”, walilolichagua wahakiki wetu, laweza kumpoteza mtu wa pwani, maana kwetu mlimbwende ni mtu wa kujikwatua. Hapa makusudio ni mengine: ni ile hamu ya kuukimbia ulimwengu unaogusika na kuuendea mwezi, ukungu, makaburi, na mapenzi yasiyofikika.

Ningeona nini? Ningeona kwanza mwanga. Opera ya Paris ilikuwa imeanza kutumia taa za gesi mwaka 1822, na gesi, tofauti na mshumaa, yaweza kupandishwa na kushushwa, hata jukwaa zima likawa msitu wa usiku wa mbalamwezi. Kisha ningemwona Marie Taglioni, amevaa sketi nyeupe ya kitambaa chembamba mithili ya melimeli, tabaka juu ya tabaka, na mabawa madogo mgongoni, akipita juu ya ncha za vidole vya miguu kana kwamba ardhi haina haki naye. Kusimama hivyo kulikuwako kabla yake, lakini kulikuwa kama kiini macho, watu wakikodoa kisha wakasahau. Yeye alikutia maana. Aliyesimama juu ya ncha ya kidole ni kiumbe aliyekwisha kuaga na bado hajaondoka.

Wepesi huo ulikuwa mzito. Baba yake alimfanyisha mazoezi huko Vienna saa sita kwa siku, akilazimika kushikilia mkao mmoja huku akihesabu hadi mia. Viatu vyake havikuwa na ncha ngumu kama vya siku hizi. Vilikuwa vya hariri laini, vimeshonwashonwa kwa uzi mbele na kandokando, na kilichomsimamisha ni misuli yake mwenyewe. Nyuma yake walikuwako wasichana wa kundi, wengi wao watoto wa mafukara, walioitwa na watu wa mjini “panya wadogo”. Baada ya mwaka 1831 mkurugenzi Louis Véron aliwafungulia mabwana waliolipia viti vya msimu mzima mlango wa chumba walimojinyoosha wachezaji kabla ya kupanda jukwaani, na waliyoyafuata mabwana hao humo hayakuwa sanaa tupu. Yote haya mtazamaji wa kiti cha nyuma hakuyaona. Wala hakutakiwa ayaone.

Kisa chenyewe cha La Sylphide kinastaajabisha kwa jinsi kinavyojihukumu. James, kijana wa Uskochi, siku ya harusi yake anavutwa na kiumbe wa hewani, anamwacha bibi arusi na kumfuata msituni. Anataka kumshika. Mchawi anampa shali, anamwambia akimfunga kwayo hataruka tena. Anamfunga, mabawa yanaanguka, na kiumbe yule anakufa mikononi mwake. Watu walilia, wakapiga makofi, wakarudi kesho yake kutazama tena.

Lakini safari yangu isingeishia usiku huo. Ningeomba nivushwe hadi mwaka 1858, jumba lilelile, baleti ileile, anapoingia msichana wa miaka kumi na sita aitwaye Emma Livry. Zama za ulimbwende zilikuwa zimekwisha kuchuja. Giselle ilikuwa na miaka kumi na saba tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, na magwiji wa kike walikuwa wamestaafu. Katika msichana huyu watu waliona wepesi wa Taglioni umefufuka. Taglioni mwenyewe alikuja Paris kumtazama, akabaki kumfundisha, na mwaka 1860 akamtungia baleti, Le Papillon, yaani Kipepeo, kwa muziki wa Offenbach. Humo msichana aliyegeuzwa kipepeo anavutwa na mwali wa mwenge, na mabawa yake yanaungua. Ningekuwa natunga hadithi nisingethubutu kuliweka jambo hilo, maana wasomaji wangesema nimelazimisha.

Hatari ilikuwa inajulikana. Mwaka 1844 huko London, katika ukumbi wa Drury Lane, mchezaji Clara Webster alishika moto mbele ya watazamaji, akafa siku chache baadaye. Mwaka 1859 serikali ya Ufaransa iliamuru mapazia na maleba ya jukwaani yatiwe dawa ya kuzuia moto. Dawa ilifanya kazi, lakini ilikifanya kitambaa kuwa kikavu na kuufifiza weupe wake. Sketi haikuelea tena, ilining’inia. Livry alikataa. Mwaka 1860 alimwandikia mkurugenzi kwamba atacheza na sketi yake ya kawaida, na dhamana yote ni juu yake.

Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi ya opera La Muette de Portici, alikuwa ameketi kando ya jukwaa akingoja zamu yake ya kuingia kama Fenella, msichana bubu. Alizitikisa sketi zake ili zisikunjike. Upepo wa sketi uliamsha mwali wa gesi. Akakimbia jukwaani akiwaka, hadi mzimamoto mmoja alipomfunika kwa blanketi. Aliishi miezi minane, akafa tarehe 26 Julai 1863 kabla ya kutimiza miaka ishirini na mmoja. Yasimuliwa kuwa kitandani, alipoulizwa juu ya zile sketi za dawa, alikiri kuwa zina usalama zaidi, ila hata akipona hatazivaa, kwa kuwa ni mbaya mno.

Ni nani mwenye deni la kifo hiki? Jibu jepesi ni kwamba alichagua mwenyewe, na barua ipo. Silidharau jibu hilo. Kumfanya Livry mtoto asiyejua alitendalo ni kumvunjia heshima mara ya pili. Alikuwa fundi, na fundi ana haki ya kusema hiki chafaa na hiki hakifai. Mshairi anayekataa kulegeza kina ili tu amalize beti anamwelewa vizuri. Lakini mshairi akishikilia kina, hupoteza usingizi, haungui. Tena Livry alichagua katika mambo ambayo hakuyapanga yeye. Lau angevaa sketi ya dawa akaonekana mzito, mabwana wa viti vya mbele wangemtafuta mwingine aliye mwepesi, na magazeti yangelisema hilo asubuhi. Dhamana aliyoiandika kuwa ni yake peke yake ilikuwa imekwisha kugawanywa kiti kwa kiti.

Ndipo linaponijia neno lile “mbaya”. Nani aliyeamua kuwa sketi ile ni mbaya? Kitambaa hakina ubaya wala uzuri kabla hakijatazamwa. Jicho la ukumbi lilikuwa limefunzwa kwa miaka thelathini kwamba mwanamke mzuri ni yule asiye na uzito, anayekaribia kutoweka, na kitambaa chochote kinachokumbusha kuwa ana mwili kilikuwa aibu. Kama jicho hilo lingefunzwa upya, likaanza kuuona weupe uliofifia kuwa ni rangi ya mchezaji atakayerudi nyumbani salama, sketi ya dawa ingekuwa nzuri katika msimu mmoja au miwili. Macho hujifunza. Mavazi mangapi tuliyoyacheka leo tunayavaa? Hapo ndipo ninapouona wajibu wa mtazamaji, naye hujidhania hana wajibu ila kulipa na kukaa kimya. Mkurugenzi alitoza kiingilio. Bei nyingine, ile ya mwili, tuliipanga sisi kwa kupenda na kutopenda.

Nasema “sisi” kwa makusudi, kwani nimekwisha kujipatia kiti. Nimeketi safu ya kumi, mwaka 1858. Ninayajua yatakayompata, jirani zangu hawayajui. Gesi inashushwa, msitu unapata mwezi wake. Ningeweza kusimama nikapiga ukelele, wakanitoa nje kama mwendawazimu. Anaingia. Sketi inainuka, inachelewa kushuka, na kwa kitambo hicho kidogo msichana hana uzito wowote duniani. Nachunguza viganja vyangu, navikuta vimekwisha kupiga makofi.