Mashine Isiyochoka na Mtoto Aliyebaki Nyuma

Mtoto aliyeachwa nyuma na wenzake darasani hujifunza upesi ilimu moja, nayo ni ilimu ya kujificha. Hujua akae dawati gani ili asitazamwe, hujua kuchezesha midomo pamoja na wanaosoma kwa sauti, na hujua siku ipi inafaa kuumwa na kichwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini darasa lenye watoto wengi lina sheria yake, na anayeuliza lile ambalo wenziwe walilimaliza miaka miwili nyuma, huchekwa.

Nilimjua kijana mmoja wa kijiji cha pwani aliyeacha skuli akaenda dago pamoja na ami yake. Aliporudi alikuwa na umri wa miaka 15, na kwa hiari yake mwenyewe akataka kusoma. Akatiwa katika darasa la umri wake. Alijua bamvua na maji mafu, alijua kusi na kaskazi. Hakujua kugawanya kwa tarakimu mbili. Baada ya wiki tatu hakuonekana tena. Hapana aliyemfukuza.

Kwa ajili ya watoto wa namna hii ndipo siku hizi husifiwa programu za kompyuta zinazompima mwanafunzi kwanza, zikajua alipo, kisha zikaanzia hapo hapo. Sifa hiyo si ya bure. Huko Delhi, mwaka 2015, programu iitwayo Mindspark ilijaribiwa kwa wanafunzi wa familia za kipato kidogo. Ilionekana kwamba mtoto wa darasa la sita, kwa wastani, alikuwa nyuma ya darasa lake kwa miaka miwili na nusu katika hesabu, na pengo likizidi kupanuka kila alipopandishwa. Kwa miezi minne na nusu watoto hao waligawa muda wao wa ziada baina ya kompyuta na msaidizi wa mwalimu aliyekaa nao katika vikundi vidogo, na wakasonga mbele kwa namna iliyowashangaza wengi. Hata hivyo, mitihani ya hesabu ya skuli zao haikuyaona maendeleo hayo. Na ingeyaonaje? Aliyetoka kiwango cha darasa la tatu akafika la tano, akiulizwa ya darasa la nane, bado ataandikiwa kuwa hajui kitu.

Ama kifaa kitupu hakifundishi. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikukuta tofauti yoyote katika hesabu wala katika lugha.

Wanaodhani kwamba kumwanzisha kila mtoto pale alipo ni uvumbuzi wa mashine, nawakumbusha chuo cha Kurani. Pale mkekani huyu yumo katika alifu na bee, yule yumo katika juzuu ya amma, na mwengine amekaribia kuhitimu. Kila mmoja hupaza sauti yake, na sikio la mwalimu huzipambanua zote. Hapana aliyepandishwa kwa kuwa mwaka umekwisha. Sisemi kwamba chuo kilikuwa pepo, maana bakora ilikuwepo, na wako waliokimbia chuo kwa sababu yake. Nasema tu kwamba kumsubiri mtoto kulikuwa desturi yetu kabla ya kuwa bidhaa.

Hapo ndipo linapokuja swali lenyewe. Je, mashine ina subira? Itarudia silabi moja mara mia bila ya kukunja uso, wala haitamwambia jirani. Kwa mtoto aliyezoea kudhihakiwa, hiyo ni rehema kubwa, na anayeidharau hajawahi kuwa wa mwisho darasani. Lakini subira tuliyofunzwa kuiheshimu ni ya mtu mwenye kuchoka ambaye, juu ya uchovu wake, hakuondoka. Mashine haisubiri, haina tu pa kwenda. Haimdharau mtoto, na wala haimthamini. Akija, itawaka, asipokuja, haitauliza.

Tufikiri juu ya jaribio la Tanga. Baina ya mwaka 2017 na 2019, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wapatao elfu tatu katika vijiji kiasi cha 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, vilivyotiwa moto kwa nguvu za jua. Wengi wao hawakuwahi kuingia skuli. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni kumi. Mtoto wa kijijini aliyelifungua neno la lugha yake kwa kidole chake mwenyewe, bila ya kusubiri mwalimu ambaye hakuletwa, amepata haki yake, na sioni hoja ya kumnyima.

Nusu iliyobaki ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwalimu akishindwa, mzazi humwendea akamuuliza. Mashine ikishindwa, nani ataulizwa? Nachelea kwamba jawabu litakuwa mtoto: kapewa kila kitu, kakataa mwenyewe. Na kijiji kilichopelekewa kishikwambi kwa kukosa mwalimu kitaambiwa, kila kikidai mwalimu, kwamba kimekwishapewa.

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu wa Tanzania. Napendezwa vikiwa katika mkono huo, maadamu mwenye mkono ana nafasi ya kuinua macho akahesabu nani hayupo.

Yule kijana wa dago, lau angepata programu ya kumrudisha taratibu kwenye kugawanya, huenda angevumilia mwezi wa pili. Huenda. Lakini siku ya kwanza ambayo hakuja, hapana aliyekwenda kwao kubisha hodi. Nyumba yao na yangu zilitenganishwa na mwembe mmoja, nami nilimwona asubuhi ile akishuka pwani na nyavu begani. Nilimwamkua, akaniitikia, tukapishana.