Dundu na Fakhari ya Nasaba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kadiri yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, huenda msomaji akastaajabu kuona karatasi hii ya dini inazungumza habari za dundu, yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe njiani. Asistaajabu. Qur'ani Tukufu ina sura yenye jina la nyuki, na sura yenye jina la mdudu chungu, na sura yenye jina la buibui. Na katika Surat Al-Baqara tumefahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano hata kwa mbu. Na dundu huyu mwenyewe ametajwa na Mtume wetu (S.A.W.). Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume ameeleza kwamba Mwenyezi Mungu ametuondolea kiburi cha zama za ujahili na kujifakhiri kwa mababa; na kwamba watu wote ni wana wa Adamu, na Adamu ametokana na udongo; na kwamba wale wanaojifakhiri kwa wazee wao waliokufa katika ukafiri, wasipokoma, watakuwa dhalili mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko dundu anayesukuma uchafu kwa pua yake.

Basi yatupasa tumjue mdudu huyu, ambaye mwenye kiburi amewekwa chini yake.

Wanavyuoni wetu wa zamani walimjua. Kwa Kiarabu huitwa ju'al, na Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijria, alimwandika katika kitabu chake cha wanyama. Na baadaye Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 wa Hijria, akamwandika vile vile. Kisha wakaja wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1758 wa Miladi, Linnaeus wa Uswidi alichapisha kitabu alichowapangia wanyama majina na nafasi zao, na dundu akapata nafasi yake humo. Tangu siku hiyo mpango huo umekuwa ukiongezwa na kusahihishwa.

Mpango wenyewe ni kama huu. Wadudu wote ambao mbawa zao za juu ni ngumu kama gamba, zikifunika mbawa laini za chini, wamewekwa katika kundi moja, na aina zao zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 400,000. Ndani ya kundi hilo mna ukoo wa dundu, nao una aina zaidi ya 30,000. Alama yao ni vipapasio vya kichwani ambavyo ncha zake zimegawanyika mithili ya kurasa za kitabu, hukunjuka na kukunjika.

Ukoo huo una milango mingi. Mlango mmoja ni wa dundu wa mavi, wenye aina kama 6,000. Mlango mwingine ni wa dundu wa maua, ambao wengine hung'ara kwa rangi ya kijani na dhahabu hata mtu akadhani ni kipuli kilichoanguka. Na mlango mwingine ni wa dundu wenye pembe. Na humo yumo chonga, yule adui wa minazi yetu.

Hao dundu wa mavi nao hawafanyi kazi kwa namna moja. Wako wanaokata fungu la samadi, wakalifanya tonge la mviringo, wakalisukuma kwa miguu ya nyuma mpaka mbali, wakalizika. Wako wanaochimba shimo papo hapo chini ya samadi na kuishusha ndani. Na wako wasiohama, bali hukaa ndani ya samadi yenyewe. Jike hutaga yai katika akiba hiyo, na mtoto akiangua hukuta riziki yake imekwisha kuwekwa. Ametakasika Mwenye kuruzuku!

Wala kazi yao si ndogo. Katika nyika za Afrika ya Mashariki wataalamu walipata kuhesabu dundu 16,000 waliokusanyika juu ya kilo moja na nusu ya mavi ya ndovu, na baada ya saa mbili hapakusalia kitu. Na katika nchi ya Australia, ambako ng'ombe walipelekwa mwaka 1788, dundu wa huko walikuwa wamezoea mavi ya kangaruu, hawakuiweza samadi ya ng'ombe. Samadi ikakaa juu ya ardhi miezi na miezi, majani ya malisho yakafa chini yake, na nzi wakazaana humo wakawaudhi watu na wanyama. Ndipo mtaalamu mmoja, jina lake George Bornemissza, akashauri waletwe dundu wa nchi nyingine. Kuanzia miaka ya 1960 wakapelekwa dundu kutoka Afrika na Ulaya, na katika aina 43 zilizoachiliwa, aina 23 zilikubaliana na nchi hiyo. Nchi tajiri ikahitaji msaada wa mdudu ambaye sisi tunamkanyaga!

Na mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba yuko dundu wa Afrika ya Kusini anayetembea usiku, naye hushika njia iliyonyooka kwa kuongozwa na ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu usiku usio na mwezi. Walipomfunika macho asione juu, akawa anapotapota. Nasi tumeambiwa katika Surat An-Nahl kwamba kwa nyota watu huongoka njia. Kumbe si manahodha peke yao.

Sasa, ndugu zetu, tazameni ibra iliyomo. Chonga na dundu wa mavi ni watu wa ukoo mmoja. Babu yao katika vitabu ni mmoja, na vipapasio vyao ni vya namna moja. Lakini huyu husafisha ardhi na kuirutubisha, na yule hutoboa kilele cha mnazi na kula moyo wake, mpaka mnazi wa yatima ukafa. Je, nasaba imemfaa nini chonga? Tena huko Ulaya wako dundu wengine wanaozika samadi kwa bidii, na wataalamu wamewaandika katika ukoo wao mbali. Kwa nasaba wametengwa. Kwa kazi ni ndugu.

Na mtaalamu anapowagawanya wadudu kwa koo na milango, hakusudii kusema kwamba huyu ni sharifu na huyu ni mnyonge. Akusudia wajulikane. Na hivyo ndivyo tulivyofundishwa katika Surat Al-Hujurat: kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na aliye mtukufu zaidi kati yetu mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule amchaye zaidi. Kabila ni jina la kujuana. Sisi tumeligeuza kuwa mizani ya kupimana.

Twasema haya kwa sababu ya yale tunayoyaona mijini mwetu. Kijana huja na posa, anasali, ana tabia njema, na anachuma kwa jasho lake. Wazee hawaulizi dini yake; wauliza babu yake alikuwa nani, na alitoka wapi, na kama aliwahi kuwa hamali au mzoa taka. Posa inarudishwa, na mwanamwari anakaa ndani mpaka ujana wake unapita, ili jina la mlango lisiguswe. Na mzoa taka huyo, lau angeacha kazi yake wiki moja, hao wenye majina wasingeweza kufungua madirisha yao.

Atakayetuambia kwamba wanavyuoni wa madh-hebu yetu ya Shafi wameitaja nasaba katika mambo ya kufu, twamjibu: ni kweli wameitaja. Lakini wameifanya kuwa haki ya mwanamke na mawalii wake, nao wakiisamehe, nikaha ni sahihi. Na nani bora wa kufuatwa kuliko Mtume (S.A.W.)? Fatima binti Qais alikuwa Mkureshi, na alipotaka shauri kwake juu ya wanaume waliomposa, Mtume alimwelekeza kwa Usama bin Zaid, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mwanzo hakupendelea, kisha akatii, akaolewa naye, akaona kheri.

Wamisri wa kale walimchonga dundu kwa mawe wakamfanya hirizi, na wengine wakaiweka juu ya kifua cha maiti, imeandikwa maneno ya kuuomba moyo usimshuhudie mwenyewe siku ya hesabu. Sisi twawacheka. Lakini anayetumaini kwamba jina la babu yake litamwombea siku hiyo, hirizi yake ni ipi kama si hiyo? Tumekwisha kuambiwa katika Surat Al-Mu'minun kwamba parapanda litakapopulizwa, nasaba hazitakuwapo baina ya watu siku hiyo.

Basi kila aliye na binti nyumbani, na posa imemfikia, na aulize kwanza dini ya kijana na tabia yake. Na kila apitaye njiani akamwona dundu na tonge lake, na amwachie njia, na akumbuke maneno ya Mtume wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutoe kiburi nyoyoni mwetu, na atujaalie tuwe ndugu kwa dini kama alivyotuumba ndugu kwa udongo. Amin.