Dalali Akiondoka

Katika mitaa ya Dar es Salaam, tangu Temeke hata Kinondoni, si ajabu kukuta ukuta wa nyumba umeandikwa kwa rangi maneno haya: Nyumba hii haiuzwi. Mgeni huweza kucheka, akidhani kuwa kitu kisichouzwa hakina haja ya tangazo. Mwenyeji hacheki. Anajua kuwa nyumba huweza kuuzwa na mtu asiye mwenyewe, na kwamba nyumba moja huweza kuuzwa na mwenyewe kwa watu wawili. Mahali ambapo kuta hulazimika kujitetea kwa maandishi, neno la mwuzaji limekwisha kupungua thamani.

Kwa hiyo mnunuzi hutamani kumwona mwenye nyumba uso kwa uso. Tamaa hii huonekana wazi Tegeta, kaskazini ya jiji, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Zamani palikuwa mahali pa mashamba. Kiwanda cha saruji kilianza kazi katika kilima cha Wazo mwaka 1966, na kadiri jiji lilivyotanuka, mashamba yaligeuka viwanja, na viwanja vikageuka nyumba. Watu waliojenga huko kidogo kidogo, tofali baada ya tofali na mshahara baada ya mshahara, huuza kwa sababu nyingi: uzee, uhamisho, ugonjwa au mirathi. Baadhi yao huongeza katika tangazo maneno mawili: madalali hawatakiwi. Swali ni hili: dalali akiondoka, ni nini kinachoondoka pamoja naye, na ni nini kinachobaki?

Asili ya neno dalali ni Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuonyesha njia. Kazi hii haina aibu. Mnunuzi hajui nani anauza, mwuzaji hajui nani anataka, na dalali huwakutanisha. Atembeaye juani kwa ajili ya wengine anastahili ujira. Lakini kazi njema huweza kufanywa vibaya. Dalali huweza kutaja bei kubwa kuliko ile aliyotaja mwenyewe, na ziada hiyo, ambayo mjini huitwa cha juu, ikaingia mfukoni mwake bila ya kujulikana na pande mbili. Huweza pia kudai ada ya kuonyesha nyumba ambayo imekwisha kuuzwa. Lawama hizi si ngeni. Katika mapokeo ya Kiislamu, Ibn Abbas alipoulizwa maana ya katazo la mwenyeji wa mji kumwuzia bidhaa mtu atokaye jangwani, alieleza kuwa mwenyeji asiwe dalali wake.

Lawama hizo ni za haki, walakini hazikamilishi hesabu. Dalali huchukua mzigo mwingine ambao hauandikwi katika malipo yake. Huchukua aibu. Mwenye nyumba hasemi uongo kwa kinywa chake, dalali humsemea. Mnunuzi hadharau nyumba ya mtu mbele ya mwenyewe. Huidharau mbele ya dalali ili bei ishuke. Mambo yakiharibika, kila mmoja humtazama dalali na kusema kuwa huyo ndiye mwongo. Kumbe fungu la fedha alilopewa lilikuwa, kwa sehemu, bei ya pazia. Amwondoaye dalali ameondoa pazia hilo. Fedha imebaki mfukoni, lakini macho ya watu wawili yamekutana, na kila mmoja lazima ajibu mwenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa mtu mwenye nyumba katika bonde dogo la Tegeta. Nyumba ni imara, paa ni zima na rangi ni mpya. Lakini ilijengwa karibu na mkondo wa maji, na katika mvua za masika maji huingia sebuleni. Mnunuzi huja Februari, wakati wa kiangazi. Ardhi ni kavu na ua umefagiliwa. Hutazama vyumba, huuliza habari za umeme na kisima, huuliza bei. Habari za maji ya mvua haulizi. Mwenye nyumba hakuulizwa. Je, ana wajibu wa kusema?

Swali hili ni kongwe kuliko Tegeta. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu juu ya wajibu wa binadamu, na ndani yake mlikuwa na mtu anayeuza nyumba yenye kasoro alizozijua yeye peke yake: haifai kwa afya, mbao zake ni mbovu na vyumba vya kulala vina nyoka. Cicero aliwakabilisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babylon na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes alishika kwamba mwuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Kunyamaza si kudanganya, na mnunuzi ana akili yake. Antipater alikataa. Kwake, kumwacha mnunuzi aingie hasarani kwa kutojua ni kama kumwona mtu aliyepotea na kukataa kumwonyesha njia. Cicero mwenyewe aliegemea upande huu wa pili.

Waswahili wamelibeba shauri hilo hilo katika methali mbili. Wa kwanza husema: mwenye macho haambiwi tazama. Huyo ni ndugu yake Diogenes. Wa pili husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyo ni ndugu yake Antipater. Mtu akizipima methali hizi huona kuwa hazipingani. Kila moja ina mpaka wake. Macho huona ufa wa ukuta, mlango uliopinda na bati lililotoboka. Kwa mambo hayo mnunuzi asimlaumu mtu. Lakini macho hayaoni masika katika mwezi wa Februari. Hayo hujulikana na aliyelala humo peke yake. Basi wajibu wa mwuzaji huanza pale uwezo wa macho ya mnunuzi unapokoma.

Sheria husaidia, lakini humfikisha mtu mlangoni tu. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 hufahamu kuficha kasoro kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, bali kunyamaza kutupu haikuhesabu hivyo ila pale penye wajibu wa kusema. Kwa hiyo mtu apakaye rangi juu ya alama ya maji ukutani yu hatarini mbele ya hakimu. Mtu anyamazaye huenda akapita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hutaka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi. Hizi ni nguzo njema. Lakini hapana nguzo hata moja inayoweza kumfungua kinywa mtu aliyeamua kunyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo katika Tanzania huongeza uzito wa wajibu huu. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika makala iliyoitwa Mali ya Taifa, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya soko. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa milele ulifutwa. Sheria ya mwaka 1999 ilikubali kuwa haki katika ardhi ina thamani yake, lakini ilidumisha msingi kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hati hutolewa kwa muda, usiozidi miaka 99. Kumbe auzaye nyumba Tegeta huuza jengo lake pamoja na haki ya kukaa juu ya kitu ambacho si chake kabisa. Alikishika kwa niaba ya wengine, naye humkabidhi mwingine. Na mtu akabidhipo amana hueleza hali yake.

Hapo huinuka pingamizi ambalo halifai kudharauliwa. Mwuzaji si tajiri. Nyumba hiyo ni akiba yake yote, na pengine anauza ili amtibu mtoto. Akitaja maji ya masika, bei itaanguka. Je, ukweli utamlipia hospitali? Ni swali zito, na mtu mwenye shibe asilijibu kwa haraka. Lakini lazima zitengwe siri mbili. Iko siri ya nyumba, na iko siri ya mwenye nyumba. Siri ya nyumba itahamia kwa mnunuzi pamoja na ufunguo. Watoto wake ndio watakaolala katika maji yale, na yamkini fedha zake nazo ni akiba ya maisha yote. Siri hiyo haina budi kusemwa. Siri ya mwenye nyumba, yaani shida iliyomfanya auze, ni yake. Halazimiki kuitangaza. Na mnunuzi akiijua, asiitumie kama kamba shingoni mwa mwenzake. Anunuaye kwa bei ya kutupa kwa sababu mwuzaji analia, hana tofauti na auzaye maji kwa jina la sebule.

Mnunuzi naye, kwa kumwondoa dalali, amejitwika kazi yake. Haifai atake unafuu wa kutolipa na papo hapo atake raha ya kutoulizia. Apekue daftari kwa Msajili wa Hati. Aende ofisi ya serikali ya mtaa. Aulize kama muuzaji ana mke au mume, na kama nyumba ni ya mirathi, warithi ni akina nani. Akiweza, arudi siku ya mvua. Zaidi ya yote, azungumze na majirani. Jirani hana fungu katika bei, bali ana fungu katika amani ya mtaa, maana huyo anayeuliza leo kesho atakuwa mwenzake wa ukuta mmoja. Kuuliza si matusi kwa mwuzaji mwaminifu. Ni nafasi ya uaminifu wake kuonekana.

Basi dalali akiondoka, kazi ya kuonyesha njia haiondoki. Hugawanywa kati ya watu wawili, na sehemu iliyo kubwa humwangukia yule ajuaye zaidi. Mwenye nyumba wa Tegeta akisema habari za maji, huenda akapoteza sehemu ya bei. Lakini mnunuzi ataijua kasoro kabla ya kuhamia, na kwa fedha iliyopungua atainua msingi na kuongoza mkondo kando ya nyumba. Maji yaliyotajwa huchimbiwa mtaro. Maji yaliyofichwa huingia usiku, watoto wakiwa wamelala.